Warsha ya yoga ya kupumzika kwa watu wenye hali tofauti, nipangeje?

MamaMkeka:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaofundisha yoga, watu wa mazoezi tiba, na zaidi nyie wenye ulemavu ambao mmewahi kuingia darasani mkaishia kuangalia wenzenu, nyie ndo nawahitaji kuliko wote.

Mi nafundisha hapa Dar, mwaka wa nne huu, darasa la asubuhi la watu wazima wenye afya zao. Mwezi uliopita kikundi kimoja cha mtaani kikaniomba nifanye warsha ya Jumamosi kwa watu wao na nikakubali haraka bila kuuliza ni kina nani wanakuja. Nafika ukumbini nakuta watu 14. Kuna mzee wa miaka 68 alipata kiharusi mwaka juzi upande wa kushoto, kuna dada wa kiti mwendo, kijana kiziwi kaja na dada yake, mama mjamzito wa miezi sita, binti wa miaka 19 mwenye Down syndrome na mama yake, kaka mwenye ualbino, wawili wana presha, waliobaki ni wazima ila hawajawahi kufanya yoga hata siku moja. Na mimi nimekuja na mikao yangu 11 kwenye karatasi.

Yule mzee tulimshusha chini vizuri tu, tatizo likaja kumnyanyua. Nilishindwa. Ikabidi waitwe vijana wawili kutoka nje, wakamshika huku na huku wakamsimamisha, na muda wote huo yeye alikuwa anaangalia ukutani hasemi neno, mkono wake wa kushoto unaning'inia. Dada wa kiti mwendo nilimwambia "wewe fanya unachoweza" afu nikaendelea na wengine, akakaa kule nyuma saa nzima na nusu. Hiyo kauli yangu inaniuma mpaka leo.

Sasa wamenialika tena, baada ya wiki tatu, warsha ya muda wa saa mbili, na safari hii nataka iwe yoga ya kupumzika tu, ile ya kuegemea mito na kutulia. Maswali yangu ni nichague mikao gani, vifaa nipate wapi maana ile mito ya dukani ya yoga siiwezi kwa watu 14, na je niwagawe makundi kulingana na hali zao au wakae pamoja?

Fizio_Moshi:
Dada kwanza pole, na hongera kwa kusema ukweli maana wengi yakiwakuta hayo wananyamaza.

Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, nipo Moshi. Kabla ya mikao naomba uwapigie simu wote 14 mmoja mmoja wiki hii, dakika kumi kumi zinatosha, uulize unaumwa nini, unatumia dawa gani, ukiwa chini unaweza kuinuka mwenyewe, na kitu gani hupendi kufanyiwa. Hilo swali la kuinuka ndo lingekuokoa siku ile. Mtu asiyeweza kuinuka sakafuni mwenyewe usimshushe sakafuni, mpe kiti au kitanda, basi, hakuna anachokosa.

Huyo mzee wa kiharusi nakuomba sana, ule mkono usivutwe. Bega la upande uliopooza misuli yake imelegea, mfupa unashuka kidogo kutoka kwenye kikombe chake, mtu akimnyanyua kwa kumshika kwapani au kumvuta mkono anaweza kumletea maumivu ya miezi. Waambie na hao vijana wako wa nje. Akikaa, huo mkono uwe juu ya mto mapajani au mezani, kiwiko kimebebwa, kiganja kimefunguka, usiachwe kuning'inia hata dakika tano. Akilala ubavu, mto mbele ya kifua aukumbatie ili bega lije mbele.

Mama wa miezi sita asilale chali kabisa. Kuanzia kama wiki ya 20 tumbo likilala juu ya ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo anaweza kusikia kizunguzungu na kichefuchefu. Mlaze ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, au aegemee kwa kuinuka, yaani mgongo umeinuliwa vya kutosha, sio mto mmoja wa kichwa.

Binti mwenye Down syndrome: shingo. Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo haijashikana vizuri, kwa hiyo kusimama kwa kichwa, kubiringika au kuikunja shingo kwa nguvu hapana kabisa. Kwa mikao ya kupumzika yuko salama ukimwekea kichwa kwenye usawa na shingo imejazwa khanga isiwe na uwazi chini. Muulize mama yake kama siku za karibuni binti amebadilika kutembea, analalamika shingo au ameanza kujikojolea, kama ndiyo aende hospitali kwanza, yoga itamsubiri.

Na uliza presha ya macho, watu husahau kuitaja kwa sababu haiumi. Mwenye nayo kichwa chake kisishuke chini ya moyo, kwenye mikao ya kuinamisha kichwa presha ya jicho inapanda ndani ya dakika moja tu.

Chuma_Tanga:
Mimi ningewagawa. Wazima asubuhi, wenye matatizo mchana. Utachanganyikiwa mwalimu, watu 14 wa aina mbalimbali na wewe ni mmoja.

Gurudumu_Dom:
Natumia kiti mwendo mwaka wa kumi na moja huu, niliumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki. Ndugu yangu wa Tanga najua hukusema kwa ubaya, ila hicho kikao cha mchana ndo tunachopewa kila mahali, cha mchana, cha nyuma, cha mlango wa uani. Mama asiwagawe. Akiwagawa huyo dada atajua tu kwamba siku ile alikuwa mzigo.

MamaMkeka, ile "fanya unachoweza" inauma kwa sababu ina maana wewe hujafikiria chochote, umeniachia mimi kazi yako. Mwalimu mmoja alinifanyia tofauti siku moja na siwezi kumsahau. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, magoti yake usawa wa magoti yangu, akaniuliza "unausikia mwili wako mpaka wapi?" Nikamwonyesha, hapa chini ya kifua. Akasema sawa, basi tuanzie hapo. Akanifundisha kuegemea mbele juu ya meza yenye mito, akaniwekea mkono mgongoni pale ninaposikia, afu akaushusha taratibu mpaka pale nisiposikia, akauacha. Nililia. Sijui kwa nini nililia, sikuwa na huzuni.

Kuna Mmarekani anaitwa Matthew Sanford, alipooza kuanzia kifuani kwa ajali ya gari mwaka 1978 akiwa na miaka 13, leo ni mwalimu wa yoga kule Minnesota na anafundisha akiwa kwenye kiti chake. Mtafute umsikilize, utaacha kufikiri kwamba mtu wa kiti mwendo anafanya nusu ya yoga.

Mambo ya kushika sasa. Kiti changu ni mwili wangu, usikisukume bila kuniuliza. Sisi ambao hatusikii chini, ngozi inaoza bila kujua, kwa hiyo ukinilaza dakika 20 angalia visigino na makalio nimelalia nini, mkunjo mmoja wa khanga au kifungo unatosha kuleta kidonda cha kukaa nacho miezi. Usiniwekee chupa ya maji ya moto miguuni. Na kama dada huyo kaumia juu, usawa wa kifua kwenda shingoni, usimfunge mkanda kwa kukaza. Akianza kuumwa kichwa ghafla, uso kuwa mwekundu au kutoka jasho, mkalishe wima haraka, legeza kila kinachobana, uliza kama kibofu kimejaa, na isipotulia mara moja ni hospitali, presha yake inapanda vibaya. Yeye anajijua, muulize tu kabla.

Chuma_Tanga:
Nimekuelewa kaka. Nafuta kauli.

Mwalimu_W254:
Hamjambo nyote. Mimi niko Nairobi, nilifunzwa ile yoga ya kasi, ya jasho, na vijana wengi huku tumeanzia huko tangu Africa Yoga Project, shirika la hapa Nairobi linalofunza vijana kuwa walimu wa yoga, ianze mwaka wa 2007. Hii ya kupumzika nilikuja kuijua baadaye na iliniwia ngumu kuliko ile ya kuruka, maana mwalimu mwenyewe unataka watu wasogee ndio uone umefanya kazi.

Hii kitu ya kuegemeza mwili ilikuzwa sana na mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar kule Pune, India. Alizaliwa 1918, utotoni aliugua malaria, taifodi na kifua kikuu, kwa hiyo mwili unaokataa aliujua wa kwake kwanza. Akaanza kutumia viti, mikanda, mablanketi, vipande vya mbao, kamba za ukutani, chochote cha kumwezesha mtu kukaa kwa mkao bila kujikaza. Baadaye mwanafunzi wake Judith Hanson Lasater, Mmarekani ambaye pia ni mtaalamu wa mazoezi tiba, ndiye aliichukua akaieneza kama yoga ya kupumzika peke yake. Nayasema haya ili ujue, dada, kwamba kiti hakikuletwa kwa ajili ya wasioweza, kiti ni kifaa kama vile mkeka ni kifaa.

Kwa hivyo shauri langu, siku hiyo wote waanze kwenye kiti. Wote, na wewe. Huyu dada wa kiti mwendo akiingia akute duara la viti na yeye amekuja na chake.

Mikao minne, usizidishe. Najua inaonekana kidogo kwa saa mbili lakini piga hesabu, kwa kila mkao kuwapanga watu dakika kumi, kutulia kumi mpaka kumi na tano, kutoka polepole dakika tano, hapo umeshafika karibu saa mbili. Wa kwanza ni kuegemea mbele juu ya meza au kiti kingine chenye mito, mikono imelala, kichwa kimegeuzwa upande kama mtoto aliyesinzia darasani. Mkao huo hata mzee anaufanya, mkono wake umebebwa, mama mjamzito anapanua magoti tumbo lipate nafasi, na mwenye presha ya macho kichwa chake kiko juu ya moyo. Wa pili ni kulala ubavu kwa wanaoshuka chini, na wanaobaki kitini wanaegemea upande mmoja juu ya mito iliyopangwa mpaka kwapani. Wa tatu ni mgongo kuegemea mto wa mteremko na kifua kufunguka, kwenye kiti unauweka huo mto wima nyuma ya mgongo. Wa mwisho, kulala na mashavu ya miguu juu ya kiti, na aliye kwenye kiti anainuliwa miguu kwenye stuli. Mjamzito huo wa mwisho abaki ubavu wake wa kushoto, usimhamishe.

Na ukiona uwazi chini ya goti, chini ya kifundo, chini ya kiwiko, jaza. Mimi hupitisha kiganja changu chini ya mtu kama ninayetafuta sarafu chini ya godoro, kikipita bila kugusa kitu najua hapo misuli bado inafanya kazi. Lakini huuliza kwanza kabla sijamgusa, na kuna wanaosema hapana, na hapana inatosha, siulizi sababu.

BintiUnguja:
Assalam alaykum. Mie nataka kusema juu ya mito, maana hapo ndo watu wanakata tamaa bure. Mto wa duka hauna siri yoyote, ni mto mrefu mgumu wa kama sentimita 65 kwa 30. Chukua kitenge kizito au kitambaa cha maturubai mepesi, mpe fundi cherehani ashone mfuko wenye zipu, ujaze sufi. Ila sufi ishindiliwe khasa, isiwe kama mto wa kulalia, ukiukalia ushuke vidole viwili tu. Iwe imetolewa kokwa na kuanikwa juani, na kila baada ya miezi michache uianike tena uipigepige maana inalala na kushika vumbi, na kama una mtu wa pumu mwekee wa sponji badala yake. Mie nilishona sita, vingine vyote ni khanga. Doti moja ukiikunja mara nne inakaa chini ya kichwa, ukiiviringisha kama kata ya kubebea ndoo inakaa chini ya shingo, ukiitandaza inamfunika mtu. Kilo mbili za mchele kwenye mfuko wa kitambaa, ukauweka juu ya paja au juu ya kiganja, mtu anatulia mwenyewe, uzito ule unamwambia mwili ukae hapo.

Mtu akitulia dakika kumi mwili unapoa, mie sikujua mpaka mwanafunzi wangu mwenye selimundu aliponiambia sakafu ya saruji na feni vinamtafuta. Sasa mkeka wa ukindu chini, jamvi au blanketi juu yake, feni nazima, na maji ya kunywa yapo karibu kila mtu anaweza kuyafikia.

Jengine, ukiwa na Waislamu usipange saa hizo mbili zikapita juu ya Alasiri, mtu hawezi kutulia huku anafikiri sala inampita. Na mambo ya kuimba Om, ile sauti takatifu ya Kihindu inayoimbwa kwenye yoga, mie niliyaacha, si kwa kuogopa, ila kina mama walikuwa wanakaa nayo kooni na mwili haulegei ukiwa una wasiwasi na dini yako. Nasema tuvute pumzi, tuitoe, wanaelewa. Na usiwalazimishe kufumba macho. Kuna mwanamke kwangu alikaa miezi mitatu akiangalia mlango, nikawa namuweka pahala mlango uko mbele yake na ukuta mgongoni. Sikumuuliza lolote.

Dada_wa_Kiziwi:
Nimesoma hapo kwenye kijana kiziwi nikasema lazima niandike, kaka yangu ni kiziwi. MamaMkeka yoga ya kupumzika kwa kiziwi ina tatizo moja ambalo nyie msikiao hamlioni, mnasema "fumba macho, sikiliza sauti yangu", kaka yangu akifumba macho amebaki peke yake duniani. Hajui kama mmemaliza, hajui kama wenzake wameinuka. Anafungua jicho kila dakika kuchungulia, sasa hapo anapumzika saa ngapi.

Kwa hiyo maelezo yote mpe kabla, mikao yote minne na dakika zake, kwa lugha ya alama na hata kwa michoro kwenye karatasi, na mkubaliane ishara ya kumaliza. Kwetu tulikubaliana nimguse mguuni mara mbili, wengine wanawasha taa na kuzima. Akishajua kwamba ataguswa tu, hataachwa, utaona uso wake unavyolegea. Na usimfanye dada yake mkalimani wa saa mbili nzima, na yeye ni mwanafunzi, na yeye amechoka, tafuteni mkalimani.

Huyo kaka mwenye ualbino asikae anaangaliana na dirisha, mwanga unaumiza macho yao, na usimwonyeshe mkao kwa mbali, msogelee au umweleze kwa maneno.

MamaMkeka:
Nimesoma yote zaidi ya mara moja, mengine nimeyaandika kwenye daftari. Gurudumu_Dom asante kaka, nimempigia yule dada nikamwomba radhi, akanyamaza kidogo halafu akasema "ukija uje na meza." Nimeelewa.

Sufi nimepata, fundi anashona minane. Ntarudi kuwapa majibu.

MamaMkeka:
Jamani nimerudi, ilikuwa juzi Jumamosi. Wamekuja 13, mmoja wa presha alisafiri.

Viti kwenye duara, mimi nikiwa kwenye changu. Mkalimani alipatikana. Nilikosea kwenye muda, mkao wa kwanza peke yake kupanga ulichukua karibu nusu saa, ikabidi nikate ule wa tatu, tukafanya mitatu tu. Binti mwenye Down syndrome hakutaka kulala, akataka kunisaidia kugawa khanga, nikamwachia akagawa, na mwishoni akaja mwenyewe akalala ubavu nyuma ya mama yake akamshika nguo.

Mzee ndo nataka niwaambie. Nilimpangia meza, mito miwili, mkono wa kushoto nikauliza kwanza kama naweza kuushika, akaitikia kwa kichwa, nikaulaza juu ya mto na kile kimfuko cha mchele juu ya kiganja. Vile vidole vyake huwa vimejikunja kama ameshika sarafu. Nikaenda kwa wengine. Niliporudi baada ya kama dakika kumi na mbili vilikuwa vimefunguka nusu na yeye kalala usingizi kabisa, mdomo wazi, anakoroma, na hakuna mtu aliyecheka. Nilimwacha. Wengine walipoinuka niliwaomba tunyamaze, tukakaa tukamsubiri mpaka akaamka mwenyewe.

Yule dada aliegemea ile meza yake na muda ulipoisha akasema anaomba dakika tano zingine. Nikampa kumi.

Wanataka iwe kila mwezi sasa. Fizio_Moshi nina swali, ile mikunjo ya vidole kufunguka ni kwa muda tu eti? Maana mkewe ameniuliza kama afanye nyumbani kila siku na sikutaka kumwahidi kitu.

Fizio_Moshi:
Kwa muda ndiyo, misuli ikitulia inalegea halafu inarudi, usimwahidi kwamba itabaki hivyo. Ila afanye nyumbani, kila siku, mkono umebebwa hivyohivyo mezani, dakika 15, ngozi ya kiganja ikauke na kusafishwa maana ikijikunja muda wote inatoka vidonda na kucha zinachoma. Asivinyooshe vidole kwa nguvu. Na amrudishe kliniki ya mazoezi tiba kama aliacha, wengi huacha baada ya miezi michache. Mwambie na kimfuko cha mchele kisizidi uzito huo, na amuulize mzee mwenyewe kila siku kama anakitaka.